Mbwa anahema saa nzima baada ya kukimbia: ni joto la Mombasa au ni ugonjwa?

"Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume wa miaka minne, nusu German Shepherd nusu wa kienyeji, kilo 38. Tulihamia Bamburi mwezi wa Novemba kutoka Nakuru. Kule nilikuwa nakimbia naye kilomita tano bila tatizo lolote. Hapa namtoa saa kumi jioni, jua likianza kupungua makali na upepo wa bahari ukivuma, tunakimbia ufuoni kama nusu saa. Mwanzoni alikuwa akihema dakika ishirini hivi tukirudi. Siku hizi ni saa nzima, ulimi nje, mate yanamtoka, na chakula hagusi mpaka usiku. Wiki iliyopita alilala njiani akakataa kuinuka kwa dakika kama kumi, halafu akatapika povu. Tulipofika nyumbani akawa sawa. Jirani anasema ni manyoya, nimnyoe. Mwingine anasema ana pumu. Dukani nimeambiwa nimpe maziwa. Na nimeonywa nisithubutu kummwagia maji baridi akiwa na joto, eti moyo utasimama. Nyumbani anakula ugali na dagaa, na mabaki ya pilau siku za wageni. Disemba alijaa kupe, tukamwogesha dawa wakaisha. Je, nimpeleke kwa daktari au nimpe muda atazoea?"

Pole kwa wasiwasi, na ahsante kwa kueleza kwa kina. Mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, kupe na pilau, yamenisaidia kuliko yale uliyoyauliza.

Nianze na tukio la wiki iliyopita. Mbwa wa miaka minne akilala njiani, akakataa kuinuka, kisha akatapika povu, huyo hajachoka tu. Joto lilikuwa limeshaanza kumzidi nguvu. Nadhani kilichomwokoa ni kwamba alijilaza mwenyewe na wewe hukumlazimisha kuendelea. Wengi hawajilazi. Mbwa anayempenda bwana wake humfuata mpaka miguu imkatae, kwa hivyo usiwahi kujiambia kwamba angekuwa amechoka angesimama. Mpaka apimwe, mbio ziachwe kabisa. Atembee polepole asubuhi na mapema, basi.

Sasa tuingie kwenye kuhema kwenyewe. Watu wengi wakimwona mbwa anahema hudhani anakosa hewa, na hapo ndipo habari za pumu zinapoanzia. Mbwa mzima aliyetoka mbio hakosi hewa. Anatafuta kupoa.

Wewe ukikimbia, misuli yako inazalisha joto na ngozi yako karibu yote inatoa jasho. Jasho linapokauka linaondoka na joto la mwili. Mbwa hana jasho la namna hiyo. Tezi zake chache za jasho la kupoza ziko chini ya nyayo, na kazi yake ni ndogo mno. Kilichobaki ni sehemu zenye majimaji: ulimi, kinywa, na zaidi ya vyote pua. Ndani ya pua ya mbwa kuna vifupa vyembamba vilivyojikunjakunja, vimefunikwa utando wenye unyevu na mishipa mingi ya damu. Anapohema, hewa nyingi huingia kwa puani na kupita juu ya utando huo, maji yanageuka mvuke, damu inapoa, kisha hewa ya moto inatokea mdomoni. Ndiyo maana anahema upesi na juujuu, mara 200 hata 400 kwa dakika. Sehemu kubwa ya hewa hiyo haifiki ndani kabisa ya mapafu, inapita njiani na kurudi. Ulimi nao unavimba damu na kupanuka nchani ili eneo la kukaushia liongezeke. Ukiona ulimi umekuwa mpana kuliko kawaida na umejipinda kwenye ncha, jua mashine ya kupoza iko kwenye mwendo wake wa mwisho.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba joto la mbwa haliachi kupanda pale mnaposimama. Misuli bado ina moto, na kwa dakika kadhaa joto linaendelea kupanda kabla ya kuanza kushuka. Akiwa ametulia nyumbani, joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Akitoka mbio anaweza kufika 40, hata 41, asipate madhara yoyote mradi ashuke haraka. Hatari iko kwenye kukaa huko juu. Akizidi 41 na asishuke, ndipo tunapozungumzia ugonjwa wa joto, ambao hauishii kwenye kuhema. Ini, figo, utumbo na uwezo wa damu kuganda vyote vinaweza kuharibika, na madhara mengine hujitokeza siku moja au mbili baadaye wakati mwenye mbwa ameshapumua akidhani yamekwisha.

Shida ya Mombasa ni hewa yenyewe. Kuhema kunategemea maji kukauka, na maji hayakauki vizuri katika hewa iliyojaa unyevu. Ukianika nguo Nakuru siku ya jua, adhuhuri unazianua. Ukizianika Bamburi wakati wa masika, jioni bado zina majimaji. Ulimi wa mbwa wako ni nguo hiyo. Anahema kwa nguvu zile zile alizokuwa nazo kule, lakini kila pumzi inaondoa joto kidogo kuliko zamani, kwa hivyo inabidi aheme muda mrefu zaidi. Na kuhema nako ni kazi ya misuli, kunatumia maji ya mwili. Akipungukiwa maji, mate yanakuwa mazito ya kunata, ulimi unakauka, na kifaa chake pekee cha kupoza kinazimika.

Hapo ndipo ule upepo wa bahari unapowadanganya watu wengi, si wewe peke yako. Upepo wa saa kumi unakupoza wewe kwa sababu ngozi yako imelowa jasho. Mbwa ni mkavu chini ya manyoya, hivyo upepo huo humsaidia kidogo sana. Wewe unajisikia vizuri, unaongeza mwendo, naye anapikika kando yako. Tena saa hiyo mchanga umekula jua tangu asubuhi, na mbwa anakimbia tumbo lake likiwa karibu na joto linalopanda kutoka chini. Katika kaskazi, hasa Februari na Machi, mchana wetu hufika nyuzi 32 au 33. Mpaka kusi likolee, Julai na Agosti, ndipo mchana unaposhuka kwenye 27 au 28. Mji ni ule ule, lakini mbwa anaweza kukimbia Agosti na asiweze Machi.

Usidhani hili ni letu peke yetu. Uingereza, nchi ya baridi, watafiti walipochunguza kumbukumbu za kliniki za mifugo waliona kwamba karibu robo tatu ya visa vya ugonjwa wa joto kwa mbwa vilitokana na mazoezi. Mbwa waliofungiwa garini, ambao ndio wanaotangazwa zaidi, walikuwa sehemu ndogo. Kama mbwa wa Uingereza wanazidiwa kwa kukimbia, wa Bamburi mwezi wa Machi tumwambie nini?

Umeuliza kama atazoea. Mwili wa mbwa huzoea joto kiasi. Huanza kubadilika ndani ya wiki mbili tatu, na kukamilika huweza kuchukua hata miezi miwili. Wewe ulihamia Novemba. Kwa hesabu hiyo, ameshazoea kadiri atakavyozoea. Hili ndilo lililonikwaza katika maelezo yako: mbwa anayezoea hupunguza kuhema, wako ameongeza. Kutoka dakika ishirini hadi saa nzima. Huenda ni kaskazi tu imekolea tangu mlipofika, na kama ningelazimishwa kuchagua jibu moja ningechagua hilo. Lakini sitaki tuchague kwa kubahatisha wakati kuna ugonjwa unaofanana sana na hali hii, na tena unapimika.

Namaanisha magonjwa ya kupe. Pwani yetu hii kupe wa mbwa wapo mwaka mzima, hakuna baridi ya kuwapunguza, na wanabeba vijidudu vya erlikia na babesia. Mbwa akiumwa na kupe wenye erlikia anaweza kupata homa siku chache, akakosa hamu ya kula, akapona machoni pa watu, kumbe vijidudu vimebaki mwilini. Miezi baadaye damu inapungua taratibu. Na damu ikipungua, hakuna chembe za kutosha za kubeba oksijeni, kwa hivyo hata mwendo mdogo unamtaka apumue zaidi. Mwenye mbwa anaona nini? Anaona mbwa anayehema muda mrefu kuliko zamani, anayechoka njiani, asiyekula vizuri. Kupe wa Disemba, mabadiliko ya sasa: mfuatano huo siwezi kuupuuza. Kuwaua kupe hakukuondoa walichokwisha kukiingiza kwenye damu.

Na hiyo dawa mliyomwogesha ni ipi? Nauliza kwa sababu nimeona mara nyingi watu wakitumia dawa ya kuogeshea ng'ombe, tena kwa kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Baadhi ya dawa hizo zinamwekea mbwa sumu: anatokwa mate, anatetemeka, anapumua kwa shida, na siku hiyo hiyo anaweza kufa. Wako alinusurika, namshukuru Mungu, lakini safari nyingine tumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa na kipimo cha uzito wake.

Pilau nayo. Mchele na nyama si tatizo kubwa, vitunguu ndivyo. Vitunguu maji na vitunguu thomu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi, vya kukaanga, au vilivyoyeyukia kwenye mchuzi. Kupikwa hakuondoi sumu hiyo. Madhara hayaonekani palepale. Huchukua siku kadhaa, na hapo hakuna anayekumbuka wageni wa Jumapili. Sidhani sahani moja ya mabaki ndiyo iliyomfikisha hapa mbwa wa kilo 38, lakini kama siku za wageni ni nyingi, na kama kupe nao wamempunguzia damu, visababishi viwili vinasaidiana. Pilau na biriani ziishie kwa watu.

Yako mengine. Moyo uliopanuka huwapata mbwa wa maumbo makubwa. Koo lisilofunguka vizuri huwapata zaidi wazee, na hujulikana kwa sauti ya kukoroma au kukwaruza wakati wa kuvuta hewa, na kubweka kunabadilika. Kwa umri wa mbwa wako haya nayaweka nyuma. Pumu ninayoijua mimi ni ya paka zaidi. Kwa mbwa ni nadra, hivyo msimpe dawa ya pumu ya mtu yeyote nyumbani. Uzito uangalie wewe mwenyewe leo: pitisha viganja ubavuni bila kukandamiza. Ukizipata mbavu kwa wepesi, yuko vizuri. Ikibidi ubonyeze kuzitafuta, amebeba mafuta, na mafuta yanazuia joto kutoka.

Kuna vipimo viwili vya nyumbani ambavyo ninakuomba uvifanye kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu vinatuambia mengi kuliko namna anavyohema baada ya mbio. Cha kwanza, mhesabu akiwa amelala usingizi, mahali penye kivuli na hewa. Tazama kifua: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Mbwa aliyelala hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Ikiwa usiku baada ya usiku unapata zaidi ya 30 na chumba hakina joto, hiyo haitokani na mbio wala jua, ni moyo, mapafu au damu. Andika namba hizo kwenye simu. Usihesabu akiwa anaota, miguu ikichezacheza, maana hapo pumzi huenda mbio bila maana yoyote.

Cha pili ni fizi. Inua mdomo wa juu pembeni, uone ufizi juu ya lile jino refu. Kwa mbwa mzima ni wa waridi na umelowa. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, rangi irudi kabla ya sekunde mbili. Ufizi mweupe au wa kijivu ni upungufu wa damu au mzunguko mbaya. Wenye njano ni ini au chembe za damu zinazovunjika. Mwekundu sana wa tofali kwa mbwa aliyetoka juani ni joto limezidi. Wa zambarau au buluu, hakuna kusubiri hata dakika. Ikiwa fizi za mbwa wako ni nyeusi kwa asili, kama zilivyo za wengi wa jamii yake, vuta chini kope ya jicho uangalie utando wa ndani. Tahadhari moja tu: mbwa anayetokwa mate kupita kiasi, asiyeweza kumeza, aliyebadilika tabia au sauti, usimtie mkono mdomoni. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya, na chanjo yake ya kila mwaka iwe haijapita tarehe.

Sasa la maji baridi, kwa sababu onyo ulilopewa linaweza kumuua mbwa. Zamani hata vitabu vyetu vya udaktari vilionya dhidi ya maji baridi, kwamba mishipa ya ngozi itajifunga na joto libaki ndani. Maelekezo yamebadilika. Wataalamu wa Royal Veterinary College ya London wanasisitiza siku hizi: mpoze kwanza, umsafirishe baadaye. Maji yoyote yaliyo na ubaridi kuliko mwili wa mbwa yanasaidia, na maji ya bomba la Mombasa, hata yakiwa vuguvugu mchana, bado ni baridi kuliko mbwa mwenye nyuzi 41. Hakuna haja ya kutafuta barafu ukaacha ndoo iliyo mbele yako.

Siku ile njiani ulipaswa kufanya hivi, na ukikuta hali hiyo tena fanya hivi. Mtoe juani. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni, mapajani na shingoni, ukipitisha vidole kwenye manyoya ili maji yafike kwenye ngozi. Bahari ikiwa ndiyo iliyo karibu, chota bahari, ila kichwa kiwe juu na asizamishwe akiwa hana nguvu. Kisha mpepee: kwa kanga, kwa gazeti, kwa feni. Sasa ndipo ule upepo wa bahari unakuwa rafiki, kwa sababu mbwa ameloa na upepo una cha kukausha. Usimfunike taulo lililoloa ukaliacha, baada ya dakika chache linakuwa blanketi la joto. Akiwa na fahamu na anataka kunywa, mpe maji kidogo kidogo. Asiyejitambua usimtilie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Kuhema kukishuka, au kipimajoto cha njia ya haja kubwa kikisoma karibu 39.5, acha kumwagia, maana joto litaendelea kushuka lenyewe na hutaki lipite chini.

Halafu ndiyo muende. Unaijua foleni ya daraja la Nyali, na anayetoka Likoni anaijua ya feri. Mbwa anayesafirishwa bila kupozwa anapikika ndani ya foleni hiyo. Akiwa ameloa, tuktuk iliyo wazi pande zote inamfaa kuliko gari lililofungwa lisilo na kiyoyozi.

Kuhusu kumnyoa, sikushauri. Manyoya ya jamii ya German Shepherd yana tabaka mbili, na yakiwa yamechanwa vizuri yanazuia jua lisifike kwenye ngozi. Ukiyakata mpaka chini unamwachia jua limchome, na huenda yasiote tena sawasawa. Mchane mara kwa mara, toa yale laini ya chini yaliyokufa, hewa ipite. Maziwa hayapozi wala hayatibu chochote, na mbwa wengi waliokomaa yanawaharisha, hivyo anapoteza maji zaidi. Wala msimpe vidonge vya maumivu vya binadamu mkidhani ana homa. Joto la mazoezi halishuki kwa vidonge hivyo, na baadhi yake vinamtoboa mbwa tumbo au kumharibu ini na figo.

Ratiba yenu mtaibadilisha, hata vipimo vikitoka safi. Saa nzuri ni kabla jua halijachomoza. Ni kweli alfajiri unyevu uko juu kuliko jioni, lakini hewa na ardhi vimepoa usiku kucha, na hilo linashinda. Mfunge kamba fupi, kwani ndiyo saa watu wanatoka msikitini na udhu wao, na si vizuri kuwapitishia mbwa karibu. Akishapona na kupimwa, aanze kwa kutembea, halafu kukimbia dakika tano na kutembea tano, huku wewe ukimtazama yeye na si saa yako. Jioni ukitaka kumtoa, iwe kwa ajili ya kunusanusa, jua likiisha kuzama. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye mchanga au lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuuacha hapo, naye hawezi kukanyaga.

Kuogelea ni zoezi zuri kuliko kukimbia kwa miezi hii, maji yanamtoa joto wakati huo huo misuli inafanya kazi. Lakini beba maji matamu ya kunywa, kwa sababu mbwa mwenye kiu atakunywa bahari, na chumvi hiyo humtapisha, humharisha, na akinywa nyingi humsababishia degedege. Mkirudi mwogeshe chumvi yote. Na kama kibanda chake ni cha mabati juu na pembeni, huko ndiko anakohamia kutoka mbioni akiwa bado moto: afadhali alale kwenye sakafu ya saruji kibarazani, ndoo ya maji kivulini. Hapa pwani nani asiyeijua hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu? Maji yawepo mchana na usiku, yabadilishwe.

Mkipata lolote kati ya haya, msingoje asubuhi wala miadi: ameyumba au ameanguka na hainuki, fizi si za waridi, anahema zaidi ya nusu saa ingawa mmeshampoza, anatapika au kuharisha damu, ana degedege, tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, au mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia. Hilo la mkojo linaashiria babesia mara nyingi, na babesia kali haisubiri.

Hali yake ikiwa kama ulivyoeleza, mpeleke wiki hii. Mwanzo ni damu: wingi wa chembe, na kuitazama kwa hadubini au kwa kile kipimo cha haraka cha magonjwa ya kupe. Hicho ndicho cha bei nafuu na ndicho chenye uwezekano mkubwa wa kutupa jibu. Daktari amsikilize moyo na mapafu. Akisikia jambo, ndipo mwende kwenye picha ya kifua na kipimo cha moyo, ambavyo ni ghali na si kila kliniki inavyo. Nisingeanzia huko. Ikipatikana erlikia, tiba yake ya kawaida ni ya siku 28. Wiki ya kwanza mbwa huchangamka na watu huacha dawa, halafu ugonjwa unarudi. Msinunue dawa hiyo dukani kabla ya kipimo, kwa sababu babesia inatibiwa kwa sindano nyingine kabisa. Muulize anayekuhudumia kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Ni haki yako, na daktari wa kweli hakasiriki.

Mpeleke asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, asije akafika kliniki anahema kwa joto la njiani ikawa vigumu kumsoma. Chukua zile namba za usingizini, video fupi ya anavyohema akirudi matembezini, na chupa ya ile dawa ya kupe kama bado ipo.